Gari ya mashindano na gari ya wakubwa: watoto wawili wa kiwanda kimoja

Mbele ya garaji nyingi za Goma, Bukavu, Uvira ao Bunia, ubishi juu ya magari hauishi. Huyu anasema gari ya kweli ni ile yenye mbio. Yule anakataa: gari ya kweli ni ile ambayo mtu anakaa ndani yake, inapita kwenye mashimo, na yeye hasikii kitu. Mwishowe kila mtu anarudi kwake na maneno yake, kwa sababu wawili hao hawakuwa wanazungumza juu ya kazi moja.

Ubishi huo unaweza kueleweka vizuri zaidi kama mtu akichukua magari mawili ya zamani yaliyotoka katika kiwanda kimoja, katika muji mumoja, karibu wakati mumoja. Ya kwanza ni Mercedes-Benz 300 SLR ya mwaka 1955, gari ya mashindano. Ya pili ni Mercedes-Benz 600, limuzini iliyoonyeshwa kwa mara ya kwanza Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1963. Yote mawili ni ya kampuni ya Stuttgart. Yote mawili yana motere ya silinda 8, na yote mawili yanapuliziwa esansi kwa pampu, bila kabureta. Lakini ukiyaweka pamoja, utafikiri yametoka kwa watu ambao hawajawahi kuonana.

Ya kwanza: kila kilo ni adui

300 SLR ilijengwa kwa kazi moja tu: kufika mbele ya wengine. Mhandisi mkubwa wa kazi hiyo aliitwa Rudolf Uhlenhaut. Yeye mwenyewe alikuwa dereva hodari, na alijua kitu ambacho kila shofere wa lori anakijua: uzito unakula nguvu. Gari nzito inachelewa kuondoka, inachelewa kusimama, na kwenye kona inavutwa nje ya barabara.

Kwa hiyo walipunguza kila kitu. Mifupa ya gari ilikuwa vyuma vyembamba vya duara vilivyounganishwa kama kiunzi cha nyumba. Ngozi ya nje haikuwa tole ya kawaida. Ilikuwa mchanganyiko wa madini ya magnesiamu, ambayo ni mepesi hata kuliko aluminiamu. Motere ya lita 3, yenye nguvu za farasi karibu 310, ililazwa upande ili pua ya gari iwe chini na upepo upite bila kizuizi. Gari yote ilikuwa na uzito wa kilo 900 hivi.

Mtu aliyekaa ndani hakupewa starehe hata kidogo. Dereva alitanua miguu, mumoja huku na mwingine kule, kwa sababu katikati palipita chombo cha kupeleka nguvu ya motere nyuma. Joto lilikuwa kali, kelele zilikuwa kali zaidi. Magari ya namna hiyo yalijengwa 9 tu.

Mwezi wa 5 mwaka 1955, Mwingereza Stirling Moss aliendesha moja ya hizo katika mashindano ya Mille Miglia, inchini Italia. Njia ilikuwa ya kutoka Brescia mpaka Roma na kurudi, karibu kilometa 1,600. Kwa mtu wa Kivu, ni sawa na kufanya barabara ya Bukavu kwenda Goma karibu mara nane, bila kulala. Moss alimaliza kwa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Hiyo ni zaidi ya kilometa 157 kwa saa, tukihesabu milima, vijiji, madaraja na kona zote. Pale njia ilipokuwa imenyooka, gari ilipita kilometa 270 kwa saa.

Kando yake alikaa mwandishi wa habari Denis Jenkinson. Mbele ya mashindano walikuwa wamepita njia hiyo mara nyingi, na Jenkinson aliandika kila kona hatari kwenye karatasi ndefu ya zaidi ya meta 5, iliyozungushwa ndani ya kisanduku kidogo. Kwa kuwa kelele hazikuruhusu kusikilizana, alimuonyesha Moss kona kwa ishara za mikono. Njiani alitapika, miwani yake ikachukuliwa na upepo. Kwa bahati alikuwa na nyingine. Namba iliyoandikwa kwenye gari, 722, ilikuwa saa yao ya kuondoka: saa moja na dakika 22 asubui.

Ya pili: kilo zinaongezwa kwa makusudi

Miaka 8 baadaye, kiwanda kile kile kilileta 600. Hapa hesabu iligeuzwa kabisa. Gari fupi ya aina hiyo ilikuwa na urefu wa meta 5 na nusu. Ile ndefu, iliyoitwa Pullman, ilipita meta 6. Uzito ulikuwa karibu tani 2 na nusu, sawa na uzito wa zaidi ya 300 SLR mbili na nusu. Motere yake ya lita 6.3 ilitoa nguvu za farasi 250, chini ya zile za gari ya mashindano ingawa ni kubwa mara mbili. Haikutengenezwa kupiga kelele na kukimbilia bendera. Ilitengenezwa kuvuta mzigo mkubwa kimya kimya, miaka mingi. Hata hivyo, ile fupi iliweza kufika kilometa 205 kwa saa, mwendo ambao magari mengi ya wakati ule hayakuweza hata kuota.

Siri ya 600 ilikuwa ndani ya mabomba. Watengenezaji hawakutaka abiria asikie mlio wa vimotere vya umeme wakati kioo kinapanda. Basi waliweka pampu inayosukuma mafuta maalum kwenye mabomba membamba kwa nguvu ya bar 150. Ili kuelewa nguvu hiyo, mtu akumbuke kwamba tairi la gari ndogo linajazwa hewa ya bar 2 hivi. Mafuta hayo ndiyo yaliyopandisha vioo, yaliyosogeza viti mbele na nyuma, na yaliyofunga kifuniko cha kofre. Kila kitu kilifanyika bila sauti. Ni kioo ambacho mtu hapaswi kukichezea: kikipanda, hakiulizi kama kidole kiko njiani.

Chini ya gari, mahali pa chuma za kawaida za kunesanesa, paliwekwa mifuko ya hewa. Gari ilibaki sawa hata kama watu wazito wamekaa nyuma. Kila moja ilitengenezwa kwa mikono mingi na kwa kuagizwa. Kuanzia mwaka 1964 mpaka 1981, ni magari 2,677 tu yaliyotoka. Bei yake ya mwanzo inchini Ujerumani ilikuwa marki 56,500, zaidi ya mara kumi ya bei ya Volkswagen ile ndogo ya mgongo wa duara ambayo watu wa hapa waliiita Coccinelle.

Nani anakaa wapi?

Tofauti kubwa kati ya magari haya haiko kwenye motere. Iko kwenye kiti.

Katika 300 SLR, mtu wa maana ni yule anayeshika usukani. Mwenye gari, yaani kampuni, haonekani. Anasimama kando na saa mkononi. Gari yote imejengwa kuzunguka mwili wa dereva: macho yake, mikono yake, woga wake. Akikosea, yeye ndiye wa kwanza kulipa.

Katika 600, mtu wa maana anakaa nyuma. Shofere ni mtumishi. Katika Pullman nyingine kuna kioo kati yake na mkubwa wake, ili asisikie mazungumzo. Gari inapimwa kwa swali hili: je, aliye nyuma ameweza kusoma karatasi zake, kulala kidogo, ao kuonekana na watu vile anavyotaka kuonekana? Kwa jambo hilo la kuonekana, kiwanda kilitengeneza hata aina yenye paa ya nyuma inayofunguka, ili kiongozi asimame ao akae akisalimia watu. Magari 59 ya namna hiyo yalijengwa. Moja ilipewa Papa Paulo wa Sita mwaka 1965, na nyuma ilikuwa na kiti kimoja peke yake, kama kiti cha kifalme.

Ndiyo sababu 600 ilipendwa na watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wenye pesa zao, kama waimbaji John Lennon na Elvis Presley. Wa pili ni viongozi wa inchi: Tito wa Yugoslavia, Mao wa China, Idi Amin wa Uganda, na hapa kwetu Mobutu Sese Seko wa Zaire. Wazee wanaokumbuka miaka ile wanajua picha hiyo: watoto wa shule wanapangwa pande mbili za barabara, wanangoja kwenye jua, kisha gari nyeusi inapita, mkono unapungwa, na vumbi linabaki.

Mtu wa kando ya barabara

Na hapo ndipo magari haya mawili, pamoja na tofauti zao zote, yanakutana. Yote mawili yanahitaji watu wa kuyaangalia. Mashindano bila watazamaji ni majaribio tu, na msafara wa mkubwa bila watu kando ni safari kama safari nyingine. Lakini anayesimama kando ya barabara ndiye mara nyingi anasahauliwa.

Tarehe 11 mwezi wa 6 mwaka 1955, wiki sita baada ya ushindi wa Moss, 300 SLR tatu zilikuwa Le Mans, Ufaransa, kwa mashindano ya saa 24. Wapinzani wao wakubwa, Jaguar, walikuwa na freni mpya za visahani, zilizosimamisha gari upesi kuliko freni za ngoma za Mercedes. Ili kufidia, Mercedes waliweka nyuma ya dereva bamba kubwa lililoinuka kushika upepo wakati wa kupunguza mwendo.

Saa mbili na nusu baada ya kuanza, Jaguar moja ilipunguza mwendo ghafla ili iingie mahali pa kujaza esansi. Austin-Healey iliyokuwa nyuma yake ilikwepa upande wa kushoto. Nyuma yake tena ilikuja 300 SLR ya Mfaransa Pierre Levegh, kwa mwendo mkali sana. Hakukuwa na nafasi. Gari yake ilipanda juu ya ile Austin-Healey, ikaruka, ikagonga ukuta wa udongo uliowatenga watazamaji na barabara, ikavunjika vipande vipande. Motere na vyuma vingine viliingia ndani ya watu. Ile magnesiamu iliyosifiwa kwa wepesi ilishika moto mkali, na maji ya wazima moto yakauongeza badala ya kuuzima. Watu zaidi ya 80 walikufa, pamoja na Levegh mwenyewe. Wengi walikuwa familia zilizokuja kutazama.

Mashindano hayakusimamishwa. Usiku, kampuni ya Mercedes iliyatoa magari yake yaliyobaki, wakati moja yao ilikuwa inaongoza. Mwisho wa mwaka huo, ingawa ilikuwa imeshinda ubingwa wa dunia, iliacha mbio. Haikurudi katika Formula 1 na timu yake yenyewe mpaka mwaka 2010. Uswisi ilikataza mashindano ya magari kwenye viwanja vya kuzunguka, na katazo hilo lilidumu miaka mingi sana. Italia nayo ilisimamisha Mille Miglia baada ya mwaka 1957, pale gari ya Ferrari ilipoua watazamaji 9, pamoja na watu wawili waliokuwa ndani yake.

Nini kilikosekana Le Mans? Dereva hodari alikuwepo, gari nzuri ilikuwepo. Kilichokosekana ni nafasi. Barabara ile na kuta zake zilitengenezwa wakati magari yalikuwa na nusu ya mwendo ule. Magari yaliongezwa mbio, lakini mahali pa kusimama watu pakabaki pale pale. Jambo hilo halihusu Ufaransa ya zamani peke yake. Linahusu kila mahali ambapo barabara inatengenezwa upya, inakuwa laini, magari yanaanza kukimbia, na soko, shule na mama mwenye beseni lake la ndizi wanabaki hatua mbili kutoka kwenye lami. Barabara mbovu inavunja magari. Barabara nzuri isiyokuwa na nafasi ya watu wa miguu inavunja watu.

Kwa upande wa 600, mtu wa kando ya barabara haumii kwa kugongwa. Jambo lake ni la mfuko. Mwimbaji akinunua limuzini kwa pesa za nyimbo zake, hiyo ni shauri yake. Lakini gari ya serikali, katika inchi yoyote, inalipwa na hazina ya inchi, yaani na yule yule anayesimama kwenye jua kuipungia mkono. Na bei ya kununua ni mwanzo tu. 600 inakunywa esansi zaidi ya lita 20 kwa kilometa 100. Yale mabomba ya mafuta yakianza kuvuja, kioo hakipandi, kiti hakisogei. Mifuko ya hewa ikitoboka, gari iliyolala usiku imesimama inaamkia imekaa chini kama kuku anayeatamia. Piesi ni ghali, na makanika anayeijua anatafutwa mbali. Gari ya namna hiyo inaitaji kiwanda nyuma yake maisha yake yote.

Pale walipooana

Wengine wanafikiri kwamba gari ya mashindano na gari ya starehe haziwezi kusaidiana. Historia ya kiwanda hiki inaonyesha vingine. Mwaka 1968, mhandisi Erich Waxenberger alikuwa amechukua motere ile ya 600 na kuitia katika gari ndogo kuliko yenyewe, na Mercedes ikaiuza kwa jina 300 SEL 6.3. Mafundi wa kampuni changa iliyoitwa AMG waliichukua gari hiyo, wakaipanua motere ifike lita 6.8 na nguvu za farasi 428, wakaipaka rangi nyekundu, na mwezi wa 7 mwaka 1971 wakaipeleka Ubeljiji, katika mashindano ya saa 24 ya Spa.

Ilikuwa gari kubwa ya milango minne kati ya magari madogo mepesi, na watu waliicheka. Baadaye ikapewa jina la Nguruwe Mwekundu. Lakini ilipofika mwisho wa saa 24, ilikuwa ya pili kati ya wote. Kumbe motere iliyozaliwa kuwabeba marais kimya kimya ilikuwa na mbio ndani yake. Na yale ya kupuliza esansi kwa pampu, ambayo yalipimwa vikali kwenye mashindano, leo yako ndani ya magari ya kawaida kabisa, hata zile zinazobeba abiria na mizigo katika barabara za mashariki ya Congo.

Thamani ya leo

Magari yote mawili sasa ni vitu vya makumbusho na vya matajiri. Kulikuwa na 300 SLR mbili zilizofunikwa paa, ambazo zinaitwa kwa jina la Uhlenhaut. Mwezi wa 5 mwaka 2022, moja iliuzwa Stuttgart kwa mnada kwa euro milioni 135. Hakuna gari nyingine iliyokuwa imewahi kununuliwa kwa bei kama hiyo. Kampuni ilisema pesa hizo zitaanzisha mfuko wa kuwalipia vijana masomo. 600 nayo inatafutwa, lakini bei yake haifiki hata karibu na hapo. Sababu ni rahisi: za kwanza zilikuwa chache mno, na zina jina la ushindi. Za pili zilikuwa zaidi ya elfu mbili, na aliyeinunua leo anajua kwamba kesho atamlipa makanika.

Basi, gari gani ni bora? Aliyeomba kufika mbele ya wengine, jibu lake ni 300 SLR, na alipe kwa joto, kelele na hatari. Aliyeomba kufika akiwa hajachoka na akiwa ameonekana, jibu lake ni 600, na alipe kwa esansi na piesi. Hakuna gari kati ya hizo mbili ambayo ingemaliza wiki moja kwenye njia ya Walikale wakati wa mvua. Huko lori kuukuu lenye makanika wake juu ya mzigo linazishinda zote mbili.

Kwa hiyo siku ubishi ukianza tena mbele ya garaji, aliye na hekima ataanza na maswali matatu. Gari hiyo ni ya kazi gani? Ikiharibika, nani ataitengeneza? Na ikipita, nani anasimama kando ya barabara?